Pleti ya valvu ikiwa nyekundu, zima amplifaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu yetu mpiga gitaa wa Morogoro, aliyeandika wiki iliyopita kwamba amplifaya ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, haiivi mpaka valvu ziwe nyekundu. Anasema akishabadilisha valvu huziacha kwanza "zikolee", ndipo achomeke gitaa. Kwenye suala la sauti sina ugomvi naye. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Magitaa ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz nimeyasikia kabla sijamiliki redio yangu mwenyewe, na amplifaya za transista nilizokutana nazo baadaye hazikunipa utamu ule. Ila hilo la wekundu litamuunguzia mtu transfoma, na transfoma yenyewe ukienda kuitafuta Kariakoo utarudi mikono mitupu.

Ndani ya valvu mna vitu viwili vinavyoweza kuwaka, na ndugu yetu amevichanganya. Katikati kabisa mna hita. Hiyo sharti iwake, rangi ya chungwa, na utaiona inachungulia juu na chini. Isipowaka, valvu imekufa. Kile kikubwa cha nje, bati la kijivu au jeusi linalozunguka vyote, ni anodi, ambayo mafundi tunaiita pleti. Pleti haitakiwi kuwaka hata kidogo. Zima taa ya chumba uangalie: ukiona doa jekundu limeanza kwenye mshono wa bati, maana yake mkondo unaoipiga unaleta joto kuliko inavyoweza kulitoa. Kinachofuata ni fyuzi kukatika, kama una bahati na kama hakuna aliyeifunga kwa waya. Kama huna bahati, valvu inapiga shoti na kuondoka na transfoma ya kutokea, ile inayolisha spika.

Kuna na mwanga wa buluu unaotulia kwenye kioo kwa ndani, hasa valvu za 6L6. Huo hauna neno. Watu huniletea amplifaya mbio kwa ajili ya huo nami huwarudisha nazo. Wa zambarau uliotanda katikati ya pleti ni habari nyingine, hapo gesi imo ndani. Na ule mpako wa fedha juu ya kioo ukishageuka mweupe, hewa imeingia, tupa.

Sasa kwa nini pleti iwe nyekundu? Kwa sababu ya bayasi, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Valvu ukiiachia tu hupitisha mkondo wote inaouweza. Kinachoizuia ni gridi, waya mwembamba uliozungushwa kandokando ya kathodi (kile kinachopashwa moto na hita ili mkondo utoke), nao hupewa volti hasi. Hasi hiyo ndiyo bayasi. Ikizidi, valvu inasinzia. Ikipungua, valvu inafanya kazi hata mpigaji akiwa amekwenda kunywa chai, na kazi hiyo yote inageuka joto la pleti. Amplifaya kubwa za gitaa huwa na valvu mbili za mwisho zinazopokezana, mfano wa wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Bayasi ikiwa hasi mno, panakuwa na pengo kati ya mchi na mchi, na kwenye spika pengo hilo ni mkwaruzo mkavu unaousikia zaidi noti inapofifia. Ukipunguza hasi kidogo, pengo linazibika na sauti inanenepa. Hapo nakubaliana na Morogoro. Lakini sauti huacha kunenepa mapema sana kabla pleti haijaanza kubadilika rangi. Kuanzia hapo unachonunua ni joto tu.

Ule mkoromo mtamu anaoutafuta hautoki kwenye wekundu. Unatoka kwenye kufungua sauti mpaka valvu za mwanzo, ile inayogawa wimbi mara mbili, na hizo mbili za mwisho zote zinafika ukomo wake. Amplifaya iliyopimwa vizuri inakoroma vilevile, tena inakoroma miaka.

Nitoe mfano wa niliyoitengeneza mwenyewe. Mjukuu wangu anapiga solo kwenye bendi ya hoteli, akataka amplifaya ya mtindo wa zamani. Nikachagua mchoro wa Fender Bassman, toleo la 5F6-A, lililotoka Fullerton, California, kati ya 1958 na 1960. Ilibuniwa kwa ajili ya gitaa la besi, wapiga solo wakaipora. Mwenye kampuni, Leo Fender, alikuwa fundi redio, alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938, na gitaa hakujua kulipiga. Nawaambia hivyo vijana wanaoniuliza mzee asiyepiga gitaa anajua nini. Mwaka 1962, kule Hanwell, magharibi ya London, duka la ngoma la Jim Marshall likatoa amplifaya yake ya kwanza, JTM45, na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven walianzia kwenye mchoro huohuo karibu kama ulivyo. Kwa hiyo sioni haya kunakili.

Ndani yake mna valvu ya 12AY7 mwanzoni, 12AX7 mbili zinazofuata, 5881 au 6L6 mbili za kutokea, na GZ34 ya kunyoosha umeme. Chesisi nilikunjiwa alumini na fundi bati, kasha ni mbao za paini za Shume, Lushoto, nyepesi na zina mlio. Ubao wa kupangia rezista na kapasita sikuufuata wa asili. Fender walitumia ubao wa nyuzi za karatasi zilizoshindiliwa, na ubao huo hunywa unyevu. Huku pwani ukishakunywa, unaanza kupitisha umeme kidogo pale usipotakiwa, na volti chache zikivujia kwenye gridi ya valvu ya mwisho ni bayasi imehama bila mtu kugusa kitu. Nilitumia ubao wa nyuzi za kioo.

Hita zinataka volti 6.3. Valvu tatu ndogo zinakula ampia 0.3 kila moja, 6L6 mbili 0.9 kila moja, jumla ampia 2.7, na GZ34 ina yake ya volti 5, ampia 1.9. Waya hizo za hita nilizisokota pamoja na kuzilaza kwenye kona ya chesisi kabla sijafunga kitu kingine chochote, maana ukiziachia ziruke juu ya ubao utasikia mvumo wa umeme siku zote na hutajua unatoka wapi.

Kuhusu transfoma ya umeme, tafadhali sana. Watu wanaagiza amplifaya za Marekani zilizotengenezwa kwa volti 117 na mizunguko 60 kwa sekunde, halafu wananunua kishushio cha volti 110 wakidhani wamemaliza. Kishushio kinashusha volti. Mizunguko inabaki 50 kama TANESCO wanavyoileta. Transfoma iliyosukwa kwa 60 bila ziada ya chuma, ukiipa 50 inachemka hata bila kazi. Ukiagiza, taja volti 230 na mizunguko 50, na ukinunua iliyotumika, ishike transfoma kwa kiganja baada ya saa nzima. Kama kiganja hakihimili kukaa hapo, usiipeleke kwenye harusi ya usiku kucha.

Sasa bayasi yenyewe. Katika mchoro wa asili haina cha kurekebisha. Kulikuwa na rezista ya kiloomu 56 kwenda kwenye chesisi na basi, ulichopata ndicho. Mimi nimeweka rezista ya kiloomu 27 ikifuatana na potensiomita (rezista ya kuzungusha) ndogo ya kiloomu 50. Mguu wa kati wa potensiomita nimeuunganisha na mmoja wa pembeni. Sababu yake ni hii: kutu ikiingia, ule mguu wa kati ndio unaoachia kwanza. Ukiachia katika mpango huu, ukinzani unakuwa wote, hasi inaongezeka, valvu inasinzia, amplifaya inakuwa na sauti mbaya na hakuna kilichoungua. Ukiifunga ovyo, siku inapoachia hasi inapotea kabisa na valvu zinakwenda kasi yote. Nimeona kazi za watu wazima, wenye vyeti ukutani, wamelifunga hilo kinyume.

Kuwasha mara ya kwanza, huwa naweka glopu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60, mfululizo na waya wa umeme. Ya LED haifai. Glopu ikiwaka ikafifia, hewala. Ikiwaka ikang'ang'ania, kuna shoti, chomoa. Halafu bila valvu za mwisho, napima mguu wa 5, ule wa gridi, wa kila soketi nione hasi imefika, nami nataka nione hasi 50 au zaidi pande zote mbili. Ndipo valvu zinaingia. Spika iwe imeunganishwa muda wote huo. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, transfoma ya kutokea inarudisha volti kubwa ambazo hazina pa kwenda, na huo ndio mwisho wake.

Kila kathodi, mguu wa 8, nimeipitisha kwenye rezista ya omu 1 kabla haijafika kwenye chesisi. Hapo tesita ya kawaida inatosha: milivolti 1 ni miliampia 1. Naacha ipate moto kama robo saa, sauti sifuri, gitaa halijachomekwa. Napima pleti, mguu wa 3. Kwenye ya mjukuu wangu ni volti 440. Napima kathodi, nazungusha potensiomita taratibu mpaka miliampia 40. Zidisha: wati 17.6. Valvu ya 6L6GC imeandikiwa mwisho wa wati 30 kwenye pleti, kwa hiyo ipo chini kidogo ya asilimia 60. Kisha narudi kupima pleti tena, kwa kuwa mkondo ukipanda volti zinashuka, na hesabu ya kwanza inakuwa imekwisha kuwa ya uongo. Sehemu ndogo ya hizo miliampia 40 inapitia skrini (gridi ya pili ya valvu), si pleti; siitoi kwenye hesabu, iniponye tu.

Mafundi wengi huweka asilimia 70, ambayo kwa volti 440 ni miliampia 47 hivi. Wanaoishi kwenye umeme uliotulia wana haki yao. Hapa kwetu jioni, watu wakiwasha majiko na mafeni, tesita inanionyesha volti 210. Usiku wa manane inanionyesha 240. Volti za pleti zinafuata, na hasi ya gridi nayo inafuata, kwa hiyo zinasawazishana kwa kiasi, lakini kwa kiasi tu. Ukipima jioni ukaweka asilimia 70 kamili, saa nane za usiku valvu zako zinafanya kazi ambayo hukuzituma. Kwenye jenereta za harusini ndiyo usiseme. Kwa hiyo andika kwenye karatasi volti za ukutani wakati unapima, uibandike ndani ya kasha. Hata mimi sikumbuki ya wiki iliyopita.

Ndugu yetu anasema pia kwamba aliweka valvu "zilizoingia". Hapa ndipo niliposhtuka. Soketi ile ya miguu minane inapokea valvu chungu nzima. Inapokea 6L6GC ya wati 30, 5881 ya wati 23, EL34 ya wati 25, na 6V6 ya wati 12. Zote zinaingia, zote zitatoa sauti siku ya kwanza. Zile miliampia 40 kwa volti 440, ambazo 6L6GC inazibeba inacheka, kwa 6V6 ni moto: wati 17.6 kwa kitu cha wati 12. EL34 nayo inakula ampia 1.5 kwenye hita badala ya 0.9, transfoma inaweza isiimudu, na mguu wake wa 1 sharti uunganishwe na wa 8, jambo ambalo amplifaya ya 6L6 haina sababu ya kuwa nalo. Kwa hiyo kabla ya tesita, soma kioo. Na ukinunua, nunua jozi iliyolinganishwa. Wanaotengeneza wamebaki wachache, Slovakia, Urusi na China, na tangu Urusi ilipozuia kuuza nje mwaka 2022, hata kama ilifungua tena baadaye, bei haijarudi ilikokuwa.

Nadhani najua alikoitoa dhana yake. Ziko amplifaya ambazo hazina cha kuzungusha: Vox AC30 yenye EL84 nne, Fender Deluxe ya miaka ya hamsini, na ile ndogo ya Champ yenye 6V6 moja. Humo kathodi inapita kwenye rezista kubwa zaidi, kwenye Champ ni omu 470, na mkondo wenyewe ndio unaojitengenezea hasi. Mkondo ukipanda, hasi inapanda, valvu inajizuia. Unabadilisha valvu na kuendelea. Hizo pia huenda moto sana, karibu na mwisho wa valvu, zilibuniwa hivyo, na ukishika kasha utalisikia. Mtu akizoea hiyo, akikutana na Bassman au Marshall anadhani ni ukoo mmoja.

Kanisa moja hapa mjini, silitaji, lililetewa amplifaya ya aina ya Bassman na muumini aliyekuwa ng'ambo. Valvu zilipochoka, fundi akaweka mpya bila kupima. Ibada ya kwanza sauti ilikuwa tamu, nikaambiwa, tena nene. Ya pili transfoma ya kutokea ikaungua. Wakaipeleka kwa msukaji wa mota, kijana hodari, akaisuka upya kwa waya wa unene uleule na mizunguko ileile, na ikafanya kazi, lakini kengele za juu za gitaa zote zimepotea. Hakukosea hesabu. Transfoma hizo husukwa kwa matabaka yanayopishana, kidogo cha huku, kidogo cha kule. Ukizisuka kwa fungu moja juu ya jingine, sauti za juu hazivuki.

Nilipoifungua nikakuta jambo lililonitisha zaidi ya bayasi. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na ndani mna kapasita ndogo inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda kwenye chesisi, desturi ya Wamarekani wa zamani. Kwa volti 117 walikuwa wanapigwa teke. Kwa 230, mpiga gitaa ameshika nyuzi na mdomo uko kwenye maikrofoni iliyo na ethi yake, kapasita hiyo ikishoti tu, ni msiba. Niliikata, nikaweka waya wa miguu mitatu, ethi kwenye chesisi kwa boliti yake yenyewe. Yeyote mwenye amplifaya ya zamani ya Marekani afanyiwe hilo kabla hajafikiria valvu.

Na wale vijana watakaosoma barua hii wakachukua bisibisi: kapasita za kuchuja zinashikilia volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa. Zitoe umeme kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, yenye kishikio kilichokingwa, kisha pima kwa tesita uhakikishe sifuri. Ukipima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. Asiye na aliyemfundisha redio za valvu, apime bayasi kwa rezista ya omu 1 tu, na pleti amwachie mwingine.

Ndugu wa Morogoro akipenda, aje nayo Tanga. Valvu azichomoe, azifunge kila moja kwenye kitambaa chake, kwenye karatasi aandike namba iliyo juu ya kioo na soketi iliyotoka. Spika asiiache nyumbani; bila spika siiwashi.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga